Mwaka Tulioacha Kujikaza

Wiki tuliyomzika mume wangu, kila aliyenishika mkono aliniambia neno lile lile: "Jikaze, mama." Walisema akina mama wa kwaya walioketi kwenye mikeka sebuleni kwangu hapa kijijini Daudi, wakasema vijana waliobeba jeneza, na mchungaji aliyehubiri makaburini, kijana aliyekuja kwetu akamkuta mume wangu tayari ni mzee, akasema Mwinjilisti Danieli alikuwa mtu wa chuma, mtu asiyejua kuchoka, na sisi tuliobaki tuige nguvu zake. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimejifunika blanketi, baridi inanila magoti, nikasikia kitu kama kicheko kinanipanda kooni. Nikakimeza. Mtu wa chuma! Mimi nilimwona mtu huyo amelala chini kwenye ngozi ya ng'ombe, hawezi kuinua kikombe, hawezi hata kuianza sala ya "Baba yetu". Siwalaumu waliomsifu, hawakuwapo. Waliokuwapo wengi wamekwisha kufa, na wengine wako mbali mbugani, habari za msiba hazikuwafikia. Nimebaki mimi ninayeujua mwaka ule kutoka ndani ya nyumba. Nauandika nikiwa sina faraja ya kumgawia mtu, maana hata leo nikiukumbuka sioni siku ambayo uligeuka ukawa mwaka mzuri. Haukugeuka.

Ndoa yetu ilikuwa changa, hata vyombo vya zawadi vilikuwa havijaisha kufunguliwa, Danieli alipopewa kazi ya uinjilisti Balangdalalu, chini kule Hanang. Siku hizo Manyara lilikuwa bado jina la ziwa, si la mkoa. Sisi tulikuwa watu wa Mkoa wa Arusha. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Dongobesh, ambayo nilipokuwa msichana wa shule yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yalikuwa yamejaa sabuni, betri za redio na mitumba. Danieli alinunua hapo turubai na sepeto, akamwomba fundi amtengenezee kalibu ya kufyatulia matofali. Jumapili ya kutuaga alikuwa amesimama mbele ya usharika wa Daudi, mabega yake yamejaa koti la harusi, akasema, "Wazee wangu, mkija kututembelea mwakani, mtaingia katika kanisa la matofali ya kuchoma. Nitalijenga kwa mikono hii." Akainyanyua mikono. Watu wakapiga makofi na wanawake wakapiga vigelegele, nami nikaona fahari hata nikashindwa kumtazama. Alikuwa na nguvu kweli. Nilimpenda kwa ajili ya nguvu hizo, na sioni haya kusema hivyo, kwani msichana wa miaka ishirini hupenda kile anachokiona.

Tulishuka na lori la mfanyabiashara wa mahindi. Kadiri tulivyoshuka ndivyo majani yalivyogeuka rangi, hewa ikawa kavu, mlima Hanang ukasimama peke yake upande mmoja kama mtu aliyenuna. Nyumba ya mwinjilisti ilikuwa tembe la vyumba viwili, paa lake la udongo likidondosha vumbi kwenye kila kilichoachwa wazi, hata nikajifunza kula huku kiganja kimefunika sahani. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, benchi na ngozi ya ng'ombe ukutani. Cha ndani kilikuwa na kitanda cha kamba na sanduku letu. Ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo lililosemwa mbele lilisikika ndani, na mengi ninayoyajua kuhusu mwaka ule niliyasikia nikiwa nimelala kwenye kitanda kile. Majirani zetu walikuwa wafugaji, Wabarbaig, ambao sisi watu wa juu tuliwaita Wamang'ati, jina wasilolipenda. Malisho yao mazuri yalishakuwa mashamba makubwa ya ngano, nao walikuwa wamebanwa huku kwenye vumbi pamoja na ng'ombe wao. Nilikua nikitishiwa nao kila nilipokataa kulala. Asubuhi ya kwanza nilipofungua mlango, mwanamke mrefu alikuwa amesimama uani, ana vikuku vya shaba kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, na michoro ya duara kuzunguka macho. Ameshika kibuyu.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Alinitazama toka juu hadi chini. Kiswahili chake alikuwa amekiokota mnadani. "Wewe mtoto. Mama yako amekuacha uje huku?"

"Nimeolewa, mama. Mume wangu ndiye mwinjilisti."

"Nimeona mume. Bado wewe mtoto." Akanipa kibuyu. Ndani kulikuwa na maziwa mgando yenye harufu ya moshi, na siku hiyo tulikula ugali wetu wa kwanza wa Balangdalalu kwa maziwa yale. Huyo ndiye Mama Gidamis. Mume wake, mzee Gidahoda, alikuwa na boma kubwa ng'ambo ya korongo. Kwa mwaka mzima hapakupita wiki bila kibuyu chake kuingia nyumbani kwetu, isipokuwa majuma ambayo ng'ombe wenyewe hawakuwa na kitu.

Danieli hakuwa mtu wa kukaa. Aliamka jogoo hajawika, akaomba kwa sauti katika chumba cha mbele hadi vumbi likanidondokea usoni, kisha akaenda kufyatua matofali. Jua likipanda alikwenda kwenye maboma kuhubiri, akarudi, akafyatua tena. Jumatano na Ijumaa alifunga. Siku alizokula, alikula amesimama mlangoni, jicho kwenye matofali yake, na ukimwambia aketi alijibu kwa neno alilolipenda kuliko yote: "Mungu humsaidia anayejisaidia." Alilihubiri pia. Ibadani walikuja familia mbili za wakulima waliohama kutoka kwetu juu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na watoto wa wafugaji waliokuja kututazama tukiimba. Mimi nilikuwa na mchana mrefu usio na mtu wa kuongea naye, nikaanza kulitafuta neno lile katika Biblia ili nilitie alama. Nilianza na Mithali, nikaenda Zaburi, nikapita kwa manabii, nikamaliza nyaraka zote. Halikuwapo. Nilipomwambia alicheka, akasema sikusoma vizuri, akachukua ndoo akatoka. Nilisoma tena. Halikuwapo, na nikaogopa bila kujua ninachoogopa.

Maji tulichota kwenye mchanga wa korongo, kisima cha kuchimba kwa mikono. Siku moja wanawake wa kule walikuwa wakisemezana kwa lugha yao na kucheka, wakinitazama, nikamuuliza Mama Gidamis wanasema nini.

"Wanasema Mungu wa mume wako ana kazi nyingi," akanijibu. "Hamwachi akae."

Nikacheka nami, na jioni nikampa Danieli hadithi hiyo pamoja na makande yake, nikidhani atafurahi. Hakufurahi. "Waambie Mungu wangu hasinzii wala halali usingizi," akasema.

"Sasa kama yeye halali," nikamuuliza, "wewe mbona hulali?"

Aliweka bakuli chini, akatoka. Nikasikia sepeto.

Baada ya miezi kadhaa wakubwa wa kanisa walikuja kutukagua. Niliwapikia jogoo, nikaingia chumba cha ndani kama ilivyokuwa desturi, nikalala nikiwasikiliza. Walikuwa wameona matofali yaliyopangwa kama ukuta wa ngome, yakisubiri kuni za kuyachoma. "Huyu kijana ni mfano," alisema mmoja, mdomo umejaa nyama. "Tungekuwa na watano kama huyu, mbuga hii yote ingekuwa ya Kristo." Mwingine akasema, "Wengine wanalialia tu. Huyu anajikaza." Danieli alikuwa kimya, lakini niliujua ukimya wake. Ulikuwa ukimya wa mtu anayekunywa maji baridi. Nami nilikuwa tayari nina mimba, sijamwambia mtu, nimelala hapo nimeshika tumbo, nikawaza kwamba mtoto wangu atabatizwa katika kanisa alilojenga baba yake. Ninapokumbuka wazo hilo sasa, na nyumba yangu imejaa mikeka ya msiba, nataka kuingia katika chumba kile nimwambie yule msichana anyamaze asiwaze.

Mvua za mwaka ule hazikuja. Mawingu yalikuja, yakasimama juu ya mlima, yakaondoka. Ng'ombe walianza kukonda hadi ukaweza kuona mbavu kutoka ng'ambo ya korongo, na wanawake wa wafugaji wakakusanyika wakienda wakiimba kumlilia Aseeta, ndivyo wanavyomwita Mungu. Nyimbo zao zilikuwa za huzuni kiasi kwamba nilisimama uani nikalia. Danieli aliziona kama ushindani. Akatangaza mfungo wa mvua, akawaambia wakulima wetu wachache wasionje kitu, akasema mbele ya mzee Gidahoda, "Tutaona ni nani anayejibiwa." Mzee alimtazama tu, akageuza fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe. Danieli aliomba hadi midomo ikapasuka. Nikimletea maji aliyakataa. Alikuwa akipiga kifua na kusema, "Bwana, nimefanya sehemu yangu yote! Nimefanya sehemu yangu!" na mimi niliyekuwa ndani nilisikia kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake.

Mvua ilikuja mchana, kwa hasira, kutoka upande wa mlima. Kwanza upepo, kisha mawe ya barafu, kisha maji kama yanamwagwa na debe. Danieli alikimbilia matofali yake mabichi na turubai. Upepo ukalichukua turubai ukalipeleka korongoni. Alirudi ndani mbio, akavuta mashuka kitandani, akavuta koti lake la harusi, akayatandaza juu ya matofali, na alipoona yanayeyuka chini ya mashuka, alijilaza juu yake mwenyewe, amenyoosha mikono, kama mtu anayekinga watoto. Mimi nilisimama mlangoni, tumbo langu sasa likiwa kubwa, nikimwita na sauti haifiki. Ng'ambo watu walikuwa wametoka nje wanacheza, watoto wamefungua vinywa juu. Mama Gidamis alipita mbio akienda kutega vyombo, maji yakimtiririka kwenye vikuku, uso wake umejaa furaha ambayo sikuwahi kuiona tena. "Mwinjilisti!" alimwita. "Umepata! Hii mvua yako!" Danieli aliinua uso. Ulikuwa mwekundu kwa udongo. Alipiga magoti katikati ya tope lililokuwa kanisa lake, akamtazama yule mama kama mtu aliyetukanwa.

Ilikuwa mvua hiyo moja tu. Mahindi yaliota, yakafika kiasi cha kiganja, yakakaukia hapo. Hakuna aliyeuliza tena ni Mungu wa nani aliyejibu. Hakuna aliyetaka kumdai yeyote jibu kama lile. Danieli alilala kwa homa siku chache, akainuka akiwa na kikohozi ambacho hakikumwacha, akachukua kalibu akaanza upya. Kisima kilikuwa kimeshuka, tukigawana maji na ng'ombe, na mzee Gidahoda alimjia akamwambia kwa upole, "Mwinjilisti, maji ya ng'ombe unampa udongo?" Tangu siku hiyo Danieli alikwenda kuchota mbali sana, ndoo mbili kwenye mti begani, akikohoa njia nzima. Nilimwona akirudi, nikajua hafiki mbali huyu. Nikamwomba anirudishe juu kwa mama nikajifungulie huko, karibu na hospitali. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono imelegea magotini, na nakumbuka kwamba hakuwa mkali. Alisema kwa kunibembeleza kabisa, "Nikiondoka sasa watasema nimeshindwa. Jikaze kidogo, Paulina wangu. Tumalize tu tanuri hili la matofali."

Uchungu ulinishika asubuhi, kabla ya wakati wake, Danieli akiwa amekwenda kuchota maji. Nilitambaa hadi mlangoni nikapiga kelele, na wa kwanza kufika alikuwa Mama Gidamis. Akanishika kwa nyuma, mikono yake yenye shaba baridi ikinibana kifua, akiniambia maneno ya lugha yake ambayo sikuyajua na ambayo hadi leo nikiwa na maumivu huyasikia. Mtoto wa kike. Alikuwa mdogo kama paka, ana nywele nyingi. Danieli alipofika alitupa ndoo, maji yakamwagika yote, akamchukua akamwita Neema. Hakuweza kunyonya. Mama Gidamis alichovya kidole katika maziwa akampitishia mdomoni, tone kwa tone, na jioni akatuambia wazi, "Huyu apelekwe hospitali. Hapa hawezi." Danieli alikimbia hadi madukani kutafuta gari. Malori yalikuwa yameacha kuja kwa sababu hapakuwa na mavuno ya kuchukua. Alirudi bila gari, akasema tutambeba kwa miguu kukipambazuka, na kulipopambazuka mimi nilikuwa sisimami kwa kuvuja damu, na yeye alikuwa anatetemeka kwa homa. Mzee Gidahoda akamtuma kijana wake akasake gari Katesh. Tukasubiri.

Danieli aliomba. Sitaki kuielezea sana sala hiyo. Alimbeba mtoto akawa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akiamuru. Aliamuru mauti, aliamuru mapafu ya mtoto, alimwambia Mungu ahadi zake moja baada ya nyingine, sura na mstari, na sauti ilipomkauka aliendelea kwa mnong'ono, na jasho likimtoka likidondoka kwenye kitambaa cha mtoto. Mimi nilikuwa kitandani. Niliona kabla yake. Niliona mkono mdogo umelegea, na sikusema, kwa sababu nilidhani nisiposema haitakuwa kweli. Mama Gidamis alinyanyuka kutoka sakafuni, akamwendea Danieli, akamwekea kiganja mdomoni kama unavyomnyamazisha mtoto. "Nyamaza," alimwambia. "Ameshakwenda."

Ardhi ilikuwa imekauka kama mwamba. Danieli alipiga sururu, ikaruka. Akapiga tena. Alikuwa amekataa kusaidiwa, na wakulima wetu wakasimama pembeni wamevua kofia, hawajui wafanye nini. Alipiga hadi akaanguka, akainuka, akaanguka. Mzee Gidahoda alisogea. Nilijua kwamba kwa watu wake kugusa habari za maiti wa nyumba nyingine si jambo jepesi, lina masharti yake na utakaso wake. Alishika mpini wa sururu.

"Ni mtoto wangu," Danieli akasema, hakuachia.

"Ndiyo. Mtoto wako," alijibu mzee. "Kaa chini."

Danieli akaachia. Sijui nieleze vipi namna alivyoachia, kidole kimoja kimoja. Akakaa kwenye vumbi, na wafugaji wakachimba kaburi la mtoto wetu huku yeye akitazama mikono yake.

Baada ya hapo Danieli alitandika ile ngozi chini katika chumba cha mbele akalala, uso ukutani. Nilipika uji, ukapoa, ukaota ngozi juu, nikaumwaga, nikapika mwingine. Maziwa yangu yalikuja siku ambazo hapakuwa na mtu wa kuyanywa. Yalinilowesha nguo, yakaniuma, na Mama Gidamis alinifunga kifua kwa kitambaa, akakaza kwa goti, akiwa analia bila sauti. Nilijaribu kusoma Zaburi. Maneno yalikuwa mchanga. Siku moja nilikwenda nikaketi karibu na kichwa cha mume wangu nikamwambia, "Danieli, tuombe."

"Omba wewe."

"Sina maneno."

"Hata mimi."

Tukakaa hivyo mpaka jua likahama kutoka mlangoni. Watu wanaosimulia imani yao hufika mahali kama hapa wakasema ndipo amani ilipowajaa. Mimi nasema nilichokiona. Haikuja amani. Kulikuwa na inzi, na harufu ya uji ulioungua, na mwanamume na mwanamke waliokuwa wamefika mwisho wa kila kitu walichokuwa nacho.

Jumapili ilipofika Danieli aliniambia niwaambie watu hakuna ibada. Nilitoka nikakuta uani watu wengi kuliko Jumapili yoyote. Wakulima wetu, mwalimu, na ng'ambo yao wafugaji, mzee Gidahoda na wazee wenziwe wameketi kwenye vigoda vyao, wanawake chini. Wamekuja kuhani msiba. "Mwinjilisti hawezi," nikasema. Mzee Gidahoda akajibu, "Basi tutakaa." Wakakaa. Hakuna aliyeimba. Baada ya muda mrefu nilisikia mkono ukipapasa ukuta nyuma yangu, na Danieli akatoka, amevaa shati lililokuwa kubwa kwake sasa, akaegemea mlango.

"Niliwaambia nitajenga nyumba ya Mungu," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ilibidi watu wainame mbele. "Sijajenga. Niliwaambia nikiomba atasikia. Mmeona wenyewe. Nilikuja hapa nikiwa na nguvu, nikadhani nguvu hizo ndizo Injili. Sasa zimekwisha, na sina kitu cha kuwaambia."

Mwalimu, kwa mazoea tu maskini, akauliza, "Tufunge kwa sala, mwinjilisti?"

Danieli alifumba macho. "Bwana, siwezi," akasema. Akanyamaza hadi nikadhani amemaliza. "Siwezi kuomba. Hata kukuamini siwezi sawasawa. Mtoto umemchukua na sikuweza kukuzuia. Kama unanitaka, nishike mwenyewe. Amina."

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, mengine yake mwenyewe. Hakuna lililonishika kama sala hiyo fupi ya mtu asiye na kitu, na ningependa kusema kwamba ilizaa matunda. Hakuna aliyebatizwa. Familia moja ya wakulima ilirudi juu wiki ile kwa njaa. Mama Gidamis hakuwa Mkristo kamwe, kwa ninavyojua. Kikohozi kiliendelea, damu ikaanza kuonekana kwenye leso. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho kidogo: nikimletea uji, alikubali nimnyweshe. Zamani angeninyang'anya kikombe.

Wakubwa wa kanisa walirudi na lori. Sikuwa na jogoo wa kuwapikia, wakanywa chai ya rangi chumba cha mbele, na safari hii tulilala wawili ndani tukisikiliza. "Hakuwa imara kama tulivyodhani," alisema yule aliyemwita mfano. Mwingine akasema, "Apelekwe hospitali kwanza. Habari ya kazi tutaangalia baadaye kama anafaa." Niliwaka kwa hasira, nikataka kuinuka. Danieli alinigusa mkono. "Wamesema kweli," alininong'oneza. Hakukuwa na uchungu katika sauti yake, wala furaha. Alikuwa kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine. Hospitali ilimtibu kifua, ikachukua muda mrefu, na baadaye alipewa mitaa midogo ya kanisa huku juu, akahudumu humo hadi uzee bila kuwa mchungaji. Kila asubuhi alisema maneno yale mawili, "Bwana, siwezi," kabla hajavaa viatu, nami nikayasema pamoja naye. Vijana waliona mtu asiyetikiswa, wakamwita chuma. Nadhani mtu aliyekwisha kuanguka mpaka chini hana tena pa kuangukia. Watoto wengine hatukupata. Nimemuuliza Mungu kuhusu Neema tangu ujana wangu hadi leo nikiwa mjane, na hajanijibu. Naendelea kumtegemea kwa sababu sina mwingine, na siku nyingi hayo ndiyo yote ninayoweza kuyaita imani.

Siku tuliyoondoka Balangdalalu hakuweza kupanda lori. Alijaribu, akashika ubao wa nyuma, mguu ukateleza. Mzee Gidahoda na vijana wake wakamjia, wakamwingiza mikono chini ya magoti na mgongo, wakamnyanyua kama mtoto. Mwaka uliotangulia angekufa kwa aibu. Sasa alilaza kichwa kwenye bega la yule mzee, akaacha wamweke juu ya magunia matupu. Nilipanda nikaketi kando yake. Mama Gidamis alisimama chini, mkono wake kwenye gurudumu. Kule nyuma ya tembe lilionekana kaburi, udongo wake bado ni wa rangi nyingine, na nilijua tunamwacha mtoto wetu peke yake mahali ambapo hatutarudi. Dereva akawasha. Danieli alikuwa analia, machozi yanakwenda masikioni kwa sababu amelala chali, na hakuyapangusa.

"Paulina," akasema, "sijui kama ametushika. Ila mimi sijishiki tena."

Nililala kando yake kwenye magunia, lori likaanza kupanda.